Mafuta haya ni ya nani? Safari ya kwenye maziwa ya asidi, Perth mpaka Norseman

Jumapili usiku, Perth

Kesho alfajiri tunaondoka kwaiyo leo nimeshinda maabara nafunga vyombo. Kwa wasiojua nafanya nini huku: ndani kabisa kusini magharibi mwa Australia kuna maziwa mengi madogo ya chumvi, na baadhi yake maji ni asidi ya asili, hamna kiwanda wala mgodi ulioyachafua, pH, yaani kipimo cha asidi, iko chini ya 4 na mengine chini ya 2. Kwenye tope la maziwa hayo kuna mafuta. Sio mafuta ya kuchimba jamani, nazungumzia lipidi, molekuli ambazo kila kiumbe hai anatengeneza na akifa anaziacha nyuma. Kazi yangu ni kuuliza zile lipidi ni za nani. Ni za vijidudu vinavyoishi mle mle kwenye asidi, au za mwani, au za fangasi, au hata hazikuzaliwa ziwani zimekuja tu kutoka kwa majirani?

Vyombo ndio vinakula muda kuliko hata safari. Kila chupa ya kioo, kila kijiko cha chuma, kila kipande cha foili kimekaa kwenye tanuru la nyuzi 450 usiku kucha ili kila chembe ya mafuta iungue. Plastiki hairuhusiwi karibu na sampuli mana inatoa kemikali zake za kulainishia na zile zinatokea kwenye mashine vizuri kabisa, unaweza kukaa siku nzima unashangilia molekuli mpya kumbe ni kifuniko cha chupa. Na sisi wenyewe ndio wachafuzi wakubwa. Kidole kitupu kikigusa tope kinaacha skwaleni na kolesteroli, mafuta ya ngozi yetu. Sanskrini hapana, losheni hapana. Mi nywele nimesuka bila tone la mafuta na kichwa nitafunga kitambaa cha pamba, mana mafuta ya nazi yamejaa asidi ya loriki, ile yenye kaboni 12, nikiinama juu ya shimo tu nimeshaharibu.

Mwenzangu wa safari ni kaka mmoja wa Kisumu anaefanya PhD ya madini. Akaniuliza, "Sasa dadangu, hata mafuta ya mgando hapana? Ngozi itapasuka kabisa." Nikamwambia kaka vaa mikono mirefu, kofia pana, utapaka tukirudi.

Jumatatu, Perth hadi Hyden

Tumetoka saa kumi na moja asubuhi, Dokta anaendesha, yaani msimamizi wangu. Tumepita njia ya Brookton, alafu Corrigin, Kondinin, mpaka Hyden, zaidi kidogo ya kilomita 300. Ukishamaliza milima midogo ya Perth unaingia kwenye ngano, na ni ngano mpaka macho yanachoka, ila mwezi wa tatu imeshavunwa kwaiyo ni mabua tu na vumbi.

Kuna kitu hapa kila mtu anaetaka kuelewa chumvi ya huku akione. Hii ardhi yote ilikua msitu wa mikaratusi, miti yenye mizizi inayokwenda chini sana kunywa maji. Wakulima walipoing'oa wakapanda ngano yenye mizizi mifupi maji ya chini yakakosa mnywaji, yakapanda taratibu yakiwa yamebeba chumvi iliyolala ardhini maelfu ya miaka, na sasa unaona mabonde mazima meupe na miti imekauka imesimama. Inauma kuangalia. Maziwa tunayoyafuata sisi ni ya zamani mno kuliko shamba lolote, hayakuletwa na ngano, ila ukipita hapa unaelewa kwamba mti na maji ya chini ni kitu kimoja, huwezi kugusa huu ukaacha yale.

Na kuhusu mikaratusi, mi nimekulia Mufindi, kwetu ndio miti ya nguzo za umeme na mbao na kuni, nimeijua toka mtoto. Asili yake ni hapa Australia. Sasa nimekuja kwao naikuta iko aina mamia, mingine hata sikudhani ni mkaratusi.

Hyden tumefika mchana, tukaenda kuiona Wave Rock, jabali la graniti lililojipinda, kama mita 15 kwenda juu na mita 110 hivi kwa urefu. Nzuri kweli. Ila mi akili ilikua ziwani.

Jumanne, Ziwa Magic

Ziwa Magic liko karibu na Hyden hapo, na ndio maarufu kuliko yote kwa watu wa fani hii. Vipimo vilivyochapishwa vinaonesha pH chini ya 2. Kwa asiejua, pH kila ikishuka namba moja asidi inaongezeka mara kumi, kwaiyo kutoka maji ya kawaida ya 7 mpaka 2 ni mara laki moja. Na juu ya hapo chumvi ni mara nyingi ya bahari. Kiumbe akiishi hapo anapigana vita mbili kwa pamoja.

Leo hatukuchukua sampuli, tumekuja kujizoesha vifaa na mi kuliona kwa macho. Mwezi huu maji yamebaki kidogo katikati, pembeni ni ganda la chumvi linalovunjika ukikanyaga, na chini ya ganda tope la manjano na jekundu. Manjano ile mara nyingi ni jarosaiti, madini ya chuma na salfeti ambayo hayatengenezeki kama hamna asidi. Nyekundu ni hematiti, kutu kwa maneno mengine.

Kaka wa madini akanielezea vizuri kwanini asidi iko hapa. Mawe ya chini yanaitwa Yilgarn, mengi yana zaidi ya miaka bilioni 2.5, na yameoza yakaoshwa na mvua muda mrefu mno kiasi kwamba kila kitu cha kuzimua asidi kimeshaondoka, chokaa hamna. Alafu ndani yake kuna salfaidi za chuma, zikikutana na hewa na maji zinatoa asidi ya salfuriki. Na chuma kilichoyeyuka kwenye maji ya chini kikipanda juu kinashika oksijeni kinageuka kutu, na kila kinapogeuka kinaachia asidi nyingine tena. Hamna wa kuizima, basi inarundikana.

Linganisha na kwetu Ziwa Natron. Pale jirani ni Ol Doinyo Lengai, volkano pekee duniani inayotapika lava ya kaboneti ya sodiamu, ndo mana maji ya Natron pH inapita 10 kabisa, upande wa pili wa mizani. Yote ni maziwa ya chumvi kwenye nchi kavu, yote yanakauka na kurudi, ila jiwe lililo chini ndio linaamua uende kwenye magadi au uende kwenye asidi. Mi naipenda sana hii, kwamba ukitaka kujua tabia ya maji uliza jiwe kwanza.

Kwenye chumvi ya ziwa hilihili mwaka 2013 watafiti Amber Conner na Kathleen Benison walionyesha kuna vijidudu vimenaswa ndani ya fuwele. Chumvi ikiganda haraka inafungia vitone vidogo vya maji ya ziwa, na aliekua anaogelea anafungiwa humo. Kwaiyo uhai wa ndani ya asidi upo, sio hadithi. Swali letu ni je wanaacha alama ya kutosha kwenye tope, au sauti yao inamezwa?

Jumatano, Hyden hadi Norseman

Leo ndio siku ya barabara ya vumbi, kilomita kama 300 bila lami, bila duka, simu haishiki. Maji lita nyingi, mafuta ya akiba, spea mbili. Karibu na uzio wa sungura mashamba yanaisha. Uzio huu ulijengwa mwanzoni mwa karne ya 20, kati ya 1901 na 1907, kuzuia sungura wasiende magharibi, na leo kwako msafiri ni kama mpaka, nyuma mabua, mbele msitu. Na sio msitu wa mchezo, ni Great Western Woodlands, kama hekta milioni 16, msitu mkubwa kuliko yote ya aina hii, ya nchi za hali ya hewa ya wastani, uliobaki mzima duniani. Na unaota kwenye nchi yenye mvua kidogo kiasi kwamba kwingine ungekuta vichaka tu!

Nikamwomba Dokta tusimame mara nyingi na hakukataa, mana hapa ndio kazi yangu inaanza. Watu wengi wakisikia utafiti wa ziwa wanafikiri unaanza majini. Mi naanza na majani. Kama sijui jirani wa ziwa anatoa mafuta gani ntajuaje ya ziwani ni yapi?

Kwaiyo tumekusanya: majani ya mkaratusi wanaouita salmon gum, shina lake la waridi linang'aa jua likiwa chini, majani ya gimlet ambao shina lake limejisokota na linametameta utafikiri shaba, majani ya vichaka vinavyoota kwenye chumvi, na ile mimea minene minene isiyo na majani ya Tecticornia inayoota mpaka ukingoni mwa ziwa. Kila mmoja kwenye foili yake, kibano kimefutwa na kiyeyusho kabla ya kuhamia mwingine.

Ngoja nieleze kwanini majani. Ukimwagia maji jani la magimbi yanatiririka kama shanga, jani halilowi. Ile ni nta. Kila jani lina koti la nta ili lisikauke, na mikaratusi ya huku kwenye ukame koti lake ni nene, mengine ukipitisha kidole unaona unga mweupe. Nta hii ina minyororo mirefu ya kaboni na ina alama ambayo ni vigumu kuikosea. Mmea unajenga mnyororo kwa kuunga kaboni mbili mbili, kwaiyo asidi za mafuta zinatoka na idadi shufwa, 26, 28, 30. Alafu kutengeneza alkani ya nta, mnyororo wa kaboni na haidrojeni tu, unakata kaboni moja, kwaiyo zinabaki witiri, 27, 29, 31, 33. Ukikuta kwenye tope witiri zimepanda juu na shufwa ziko chini, juu chini juu chini, basi hapo jani limepita. Vijidudu havifanyi hivyo. Bakteria wengi minyororo yao ni mifupi, kaboni 15 mpaka 18, na wengine ina tawi karibu na mkia. Arkea, vijidudu vinavyofanana na bakteria ila ni ukoo mwingine kabisa, wao hata fundo la kuunganisha ni tofauti, wanatumia etha badala ya esta, na etha inastahimili asidi vizuri kuliko esta. Fangasi ana ergosteroli. Mmea una sitosteroli. Kila mtu na saini yake.

Na dizeli ya gari nayo ina saini, alkani zimejipanga zote bila kupendelea witiri wala shufwa. Ndo mana tunapaki mbali, upande ambao upepo hauleti moshi ziwani.

Tairi moja limepasuka kabla ya Ziwa Johnston, kaka kabadilisha tukasonga. Norseman tumeingia jua linazama, tumechoka, vumbi mpaka kwenye meno. Mji mdogo, unaitwa jina la farasi ambae inasemekana mwaka 1894 alipiga kwato ardhini ikatokea dhahabu, wamemjengea na sanamu.

Alhamisi, ziwa la kwanza

Nchi ya Norseman ni ya watu wa Ngadju, mahakama iliitambua rasmi haki yao ya ardhi mwaka 2014, na ruhusa ya kuingia tuliomba kabla. Asubuhi tumetembea na mzee mmoja wa huko. Nikamwambia mzee, sisi tunataka kujua vitu vinaingiaje ziwani. Hakutupeleka kwenye maji, katupeleka upande wa mashariki juu ya tuta la mchanga na jasi, akaonyesha kwa mkono upepo ulikotoka mpaka ukajenga tuta lile, alafu akatushusha kwenye kijito kikavu, akatuonyesha takataka zilizokwama kwenye mizizi, majani, gome, makaa ya moto wa zamani. Mvua kubwa ikija, akasema, yote haya yanashuka. Basi. Kwa dakika 20 katupa ramani ambayo kwenye setilaiti nilikua siioni. Nikamshukuru kwa mikono miwili kama tunavyofanya nyumbani.

Yale makaa yakanifikirisha. Mwisho wa 2019 na mwanzo wa 2020 moto uliwaka msitu huu mpaka barabara ya Eyre ikafungwa siku nyingi, watu wakakwama. Moto nao unatengeneza molekuli zake, pete za kaboni zilizoungana, na zinasafiri na moshi. Kwaiyo kwenye orodha yangu ya wanaotuhumiwa nikaongeza jivu.

Ziwa lenyewe ni dogo, halina hata jina kwenye ramani yetu. Maji sentimita chache, rangi ya chai ya rangi. Mita ya pH ya kioo kwenye chumvi kali hivi inadanganya, kwaiyo tunatumia na karatasi ya kupimia pH tunalinganisha, ikaangukia kwenye 3. Nzi ni wengi ajabu, wanataka jasho, na huwezi kujipulizia dawa.

Uchukuaji unaenda hivi. Kwanza nafungua chupa yenye mchanga tuliouchoma maabara naiacha wazi pembeni yangu muda wote ninaofanya kazi, hiyo ni shahidi, chochote kitakachoonekana ndani yake kimetoka hewani au kwangu na sio ziwani. Alafu navaa glavu mbili mbili. Nakata ganda la chumvi kwa kisu cha chuma, nalifunga peke yake. Chini yake kuna utando mwembamba wa kijani kilichofifia kama milimita moja mbili, alafu tope jekundu, alafu la kijivu lenye punje za jasi. Kila tabaka na kijiko chake na chupa yake. Ule utando niliuangalia kwa lensi muda mrefu. Jua nyuzi karibu 40, asidi, chumvi, na bado kuna mtu ameamua hapa ndio kwake. Niliguswa sana.

Tukachimba tena hatua chache kutoka ukingoni, kwenye tambarare ya tope, na alafu kwenye mchanga karibu na vichaka, ili tuone mafuta yanabadilikaje ukitoka majini kwenda nchi kavu. Shimo likifika kama sentimita 40 maji ya chini yanaanza kuchuruzika, nayo ni asidi, na kwenye ukuta wa shimo unaona mistari ya kutu inajichora palepale hewa ilipogusa.

Saa tisa tumefunga, sampuli zote kwenye kuli boksi la barafu.

Ijumaa, maziwa mengine

Leo ni kazi ileile kwenye maziwa mengine mawili, sitarudia. Moja lilikua limekauka kabisa, jekundu, gumu. La pili karatasi ilisoma karibu na 4 na lilikua na Tecticornia imeota hadi ndani, na nikajua kabla ya mashine yoyote kwamba hili litakua limejaa mmea. Kaka wa Kisumu kapata alunaiti, madini aliyokua anayatafuta, akafurahi kama mtoto. Dokta kakaa chini ya mti anaandika, akaniita akaniambia kitu nilikiandika palepale: tope la ziwa ni kitabu cha wageni, wenyeji huwa hawasaini.

Jumamosi, kurudi

Norseman, tuta la barabara linalokatiza Ziwa Cowan, Kalgoorlie kwenye dhahabu, alafu barabara kuu magharibi siku nzima. Pembeni ya barabara linakwenda bomba la maji lililomalizwa 1903 kutoka milima ya Perth mpaka Kalgoorlie, zaidi ya kilomita 500. Nchi yenye maziwa kila mahali na maji ya kunywa yanaletwa kwa bomba! Nimelala njia nzima, kuli boksi miguuni.

Wiki kadhaa baadae, maabara

Majibu ya kwanza yametoka. Tuliyakausha matope kwa kuyagandisha, tukayasaga, tukayaloweka kwenye dikloromithani na mithanoli, viyeyusho vya kutoa mafuta, tukayapitisha kwenye silika kutenganisha makundi, alafu kwenye mashine ya gesi inayopasha mpaka nyuzi 300 na ushee na kupima uzito wa kila molekuli inayotoka.

Chupa ya shahidi kwanza. Safi, skwaleni kidogo sana, dizeli hamna. Hapo nikapumua.

Alafu tope jekundu la ziwa la kwanza. Nikafungua chati ya ioni 57, ile inayoonyesha alkani, na zilisimama pale, 27, 29, 31, 33, witiri juu shufwa chini. Ile ya 29 uzito wake ni 408 na ilikua imewazidi wote. Nikaweka chati ya jani la salmon gum na ya Tecticornia juu yake, na kwa jicho tu unaona undugu. Kwenye sehemu ya steroli sitosteroli imejaa. Na zile pete za moto zipo, kidogo. Yaani ndani ya ziwa la asidi ambalo mmea hauwezi kuota katikati yake, mafuta mengi kabisa ni ya mti.

Hii haikunishangaza sana kusema kweli, mana mwaka 2020 timu ya mtafiti Sarah Stewart Johnson ilichapisha kazi ya maziwa manne ya asidi hukuhuku karibu na Norseman na wakakuta hivyohivyo, mafuta ya mimea pamoja na chembe tu za mafuta ya vijidudu. Ila kusoma ni kitu kimoja, na kuyaona kwenye tope ulilolikata mwenyewe ni kingine.

Vijidudu wako wapi basi? Wapo, ila kwa sauti ya chini. Kwenye ule utando wa kijani zipo asidi fupi za kaboni 16 na 18, na zile zenye tawi za kaboni 15 na 17 ambazo kwa kawaida ni za bakteria. Ukishuka sentimita chache tu kwenye tope jekundu zinapungua haraka, wakati nta inabaki vilevile. Kuna sababu mbili zinavutana hapa na bado sijaamua ipi ina nguvu. Moja, wenyeji ni wachache, asidi na chumvi haviruhusu umati. Mbili, mafuta yao ni mepesi, yana fundo la esta ambalo asidi inalikata na mwenzake anakula kilichobaki, wakati alkani ya nta haina fundo lolote la kukata, ni kaboni na haidrojeni tu mwanzo mwisho. Kwaiyo tope linatunza, ila linatunza kwa upendeleo, na anaesoma tope bila kujua upendeleo huo atasema ziwa halina wenyewe.

Mi naona hapa ndipo uzito wa jambo ulipo, na ndio sababu watu wanaochunguza sayari ya Mars wanakuja kwenye vumbi hili. Mwaka 2004 roboti Opportunity ilikuta jarosaiti na hematiti kwenye tambarare ya Meridiani huko Mars, madini yaleyale niliyokua nayakanyaga. Kwaiyo kule kulikua na maji ya asidi. Kwingine hukohuko Mars, kwenye kreta ya Gale ambako ziwa la zamani halikua la asidi hivyo, mwaka 2025 watafiti wa roboti Curiosity walitangaza wamekuta dekani, andekani na dodekani, minyororo ya kaboni 10, 11 na 12, kwenye jiwe la tope lililotobolewa 2013. Ndio molekuli za kaboni kubwa kuliko zote zilizowahi kukutwa Mars, na wanafikiri huenda ni mabaki ya asidi za mafuta. Nani kaziacha, au ni kemia tu ya mawe bila uhai wowote, hamna anaejua.

Sasa fikiria. Hapa duniani kilichotunzwa vizuri kwenye tope la asidi ni nta ya miti. Mars hamna miti na hatuna sababu ya kudhani iliwahi kuwepo. Ukiiondoa nta kwenye chati yangu kinachobaki ni ile minong'ono ya vijidudu, na hicho ndio kiwango cha kutegemea, na bado hujaongeza miaka bilioni tatu na mionzi. Watu wakiniambia "mmethibitisha asidi inatunza mafuta" nasema ndio, ila tuseme na mafuta ya nani. Imetunza ya mgeni aliekuja na upepo. Habari njema ipo, mana hata minong'ono ilionekana, na ilionekana zaidi mahali fulani: kwenye ganda la chumvi na kwenye punje za jasi, sio kwenye mchanga wa pembeni. Mi ningepewa roboti ningeanzia kwenye salfeti na udongo mfinyanzi, chini kidogo ya uso, katikati ya ziwa la zamani mbali na ukingo.

Kinachofuata ni arkea, mana etha zao hazipiti kwenye mashine ya gesi zikiwa nzima, zinahitaji mashine ya kimiminika na foleni yake ni ndefu. Na isotopu za kaboni, yaani kaboni nyepesi na kaboni nzito, molekuli moja moja, ili nitenganishe asidi ya kaboni 16 ya mwani na ya jani, mana wote wawili wanaitengeneza na kwa uzito wa molekuli peke yake huwezi kuwatofautisha. Alafu turudi mvua zikishapita, maziwa yakiwa yamejaa, tukate sentimita zilezile tuone kama wenyeji wanaongezeka maji yakiwa yamezimuliwa. Sampuli za lile ziwa la pH 4 bado ziko kwenye friji nyuzi 80 chini ya sifuri, nazianza Jumatatu.